Sumukuvu, mRDT na vijifereji vya tone moja: tuelewane kabla hujapakia mahindi

#1 BamboLaChuma (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Msimu umefika, malori yanajipanga soko la mahindi Kibaigwa, na simu zimeanza. Swali ni lile lile kila mwaka: "Tulipima ghalani kipimo kikasema mzigo ni salama, mbona mnunuzi kapima kaukataa?" Nimeona nilijibu hapa kwa upana, kwa sababu jibu linaanzia ndani ya kipimo chenyewe na watu wengi wanakitumia bila kujua kinafanya nini.

Nilikaa zahanati miaka sita nikisoma mRDT, vile vipimo vya haraka vya malaria, kisha nikahamia kwenye maghala ya nafaka kupima sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayoachwa na kuvu kwenye nafaka. Kote nimeshika kitu cha aina moja: kiplastiki chepesi chenye kijishimo cha kudondoshea na kidirisha cha kusomea mistari. Ukikifungua (kafungue kilichokwisha muda, usiharibu kizima) utakuta ukanda mwembamba kama kijiti cha barafu, umeunganishwa vipande vitatu vinne. Hakuna betri, hakuna pampu. Kinachovuta tone kutoka kijishimoni hadi mwisho wa ukanda ni nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Kipande cha katikati, chenye mistari, ni nitroselulosi, kitu chenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila kitundu ni kijifereji.

Taaluma ya kuongoza vimiminika kwenye vijifereji vya namna hii inaitwa maikrofluidiki. Vipo vya kuchongwa kwenye kioo, vya kumiminwa kwa mpira wa silikoni, na vya karatasi. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides pale Harvard lilichukua karatasi ya maabara, likaichora kuta zisizopitisha maji, na kwa maikrolita 5 za mkojo likapima sukari na protini kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye tawi lake. Miaka miwili baadaye wakawa wanachora kuta hizo kwa printa ya nta: unachapa, unapasha joto, nta inazama ndani ya karatasi, mfereji tayari.

Kwa nini udogo? Watu hudhani ni kwa ajili ya kubana matumizi tu. Sababu kubwa ni muda. Molekuli ndogo ikiwa ndani ya maji yaliyotulia huvuka maikromita 100, upana wa unywele mnene, kwa sekunde 10 hivi. Iambie ivuke sentimita 1 kwa mwendo huo huo wa kujipenyeza, itachukua zaidi ya siku nzima. Umbali ukiongezeka mara 100, muda unaongezeka mara 10,000. Ndiyo maana kipimo cha sahani ya vishimo maabara kinakula saa kadhaa na ukanda huu unakupa jibu kabla chai haijapoa: kila kitu humo ndani kiko karibu na mwenzake.

Sasa mistari, na hapa nawaomba msome taratibu.

Kwenye mRDT nyingi tunazotumia, kinachotafutwa ni protini ya vimelea iitwayo HRP2. Ni kubwa kiasi cha kushikwa sehemu mbili kwa mpigo. Damu inapopita inakutana na kingamwili (protini zinazokamata kitu kimoja maalumu) zilizofungiwa chembe ndogo mno za dhahabu. Dhahabu ikisagwa hadi kiwango hicho haing'ai njano tena, inakuwa nyekundu kama divai. Kingamwili yenye dhahabu inaishika protini upande mmoja, zinasafiri pamoja, zikifika kwenye mstari wa T, ule wa jibu, zinakuta kingamwili nyingine iliyogandishwa pale, inaidaka protini upande wa pili. Dhahabu inarundikana, mstari unatokea. Mistari miwili, una malaria.

Sumukuvu haiwezi kupimwa hivyo. Aflatoksini B1 ina uzito wa molekuli 312 tu, ni ndogo mno kushikwa na mikono miwili. Kwa hiyo wamegeuza mpango. Mstari wa T umepakwa aflatoksini yenyewe. Kingamwili zenye dhahabu zinapopita, zikiwa hazijapata sumu kwenye sampuli yako, zinakwenda kuikamata ile ya mstarini na rangi inatokea. Zikiwa zimeshajaa sumu kutoka kwenye mahindi yako, zinapita zake na mstari unafifia au haupo kabisa. Kwa hiyo hapa mistari miwili ni heri, na mstari mmoja wa C (ule unaoonyesha tu kwamba ukanda umefanya kazi) peke yake ni hatari.

Wiki yangu ya kwanza ghalani nilikuwa bado na macho ya zahanati. Nilipokea sampuli mbili asubuhi moja. Ya kwanza ilitoa mistari miwili, nikaiandika "ina sumu". Ya pili mstari mmoja, nikaandika "salama", na lori likaanza kupakiwa. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi alipita, akatazama meza, akaniuliza bila kupandisha sauti: "Kijana, hiki cha kulia umekisomaje?" Nilipomjibu alitoka nje akasimamisha upakiaji kwa mkono wake. Magunia 40 yalikuwa yameshapanda. Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwangu kutoka sekta ya afya namkalisha na kanda mbili, kabla hajagusa bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchota sampuli.

Lakini kosa la mistari hulifanyi mara ya pili. Linaloua biashara, na linaloua watu, ni lile la kabla ya tone. Nalileta chini, nipeni dakika chache.

#2 MamaGhala64

Mkuu asante, nimekaa pembeni nasoma. Nina magunia 64 hapa, ya kwangu na ya akina mama wenzangu wa kikundi. Swali moja tu usilisahau: sumu hii si inaisha ugali ukiiva vizuri?

#3 BamboLaChuma

Haiishi, dada yangu. Aflatoksini B1 huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 na kitu, maji ya ugali yanachemkia 100. Kuchemsha kunaua kuvu, sumu aliyoiacha inabaki. Kukoboa kunapunguza kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, ila hapo usije ukafurahi ukampa ng'ombe pumba. Inageuzwa mwilini mwake inatokea kwenye maziwa, nayo maziwa ndiyo anayopewa mtoto.

Naendelea na la kabla ya tone.

Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, ndizo hizo "ppb 10" mnazoziona kwenye vyeti. Igeuze upande wa gunia: kwenye gunia la kilo 100, kikomo ni miligramu 1. Miligramu moja ikiwa kwenye kiganja huwezi hata kuusikia uzito wake.

Na sumu hii haisambai kama chumvi kwenye mchuzi. Kuvu anaingia punje moja iliyotobolewa na mdudu au iliyopasuka, anakaa humo, jirani zake ni wazima. Zimewahi kupimwa punje za mahindi zenye hadi mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ina uzito wa gramu 0.3 hivi, kwa hiyo punje moja ya namna hiyo imebeba mikrogramu 120. Gawanya kwa 10: inatosha kufikisha kilo 12 za mahindi safi kabisa kwenye kikomo. Kilo 12 ni punje kama 40,000.

Yaani unatafuta punje 1 ndani ya 40,000, halafu wewe umechota konzi moja mdomoni mwa gunia. Ukiikosa, ukanda utakwambia salama, na utakuwa umesema kweli. Ulichokipa ndicho ulichokipima. Ukibahatika kuipata ndani ya hiyo konzi, utaambiwa mzigo mzima ni sumu, na hapo pia ukanda haujakosea.

Hebu fuata safari ya sampuli. Lori lina magunia 300, tani 30. Wewe unatoa kilo 5. Unasaga. Unapima gramu 50. Unazitingisha kwenye pombe iliyochanganywa na maji, kwa sababu sumu hii inayeyuka vizuri zaidi kwenye pombe. Unachuja. Unachukua tone la maikrolita 100. Lile tone linabeba jina la tani 30 na pesa za watu. Kuanzia kwenye unga uliosagwa kwenda mbele, vifaa vimeshafika mbali na kosa ni dogo. Kosa kubwa liko kati ya lori na kinu, kwenye mkono wa mtu mwenye bambo.

#4 KijanaWaMakueni

Niko upande wa pili wa mpaka, Kenya. Watu wa rika langu tulikuwa watoto 2004, lakini hakuna asiyejua. Ukambani waliugua watu 317 na 125 wakafa, manjano kwenye macho, tumbo kujaa maji. Mahindi yalivunwa yakawekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka, na njaa ilikuwa karibu kwa hivyo hakuna aliyetupa kitu. Wakati ule hivi vipimo vya haraka havikuwa vijijini, sampuli zilipelekwa maabara na watu wakiendelea kula.

Kwa hivyo mimi nikisikia mtu anasema kipimo ni cha kusumbua wafanyabiashara huwa inaniuma sana. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kulikuwa na maneno mengi ya siasa, kisha ikafunguliwa kwa sharti la cheti. Mimi swali langu kwa mleta uzi: hicho cheti kinaandikwa kwa sampuli gani?

#5 BamboLaChuma

Pole sana ndugu yangu. Na kwetu 2016 ilipita Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa. Wengi humu ni wenyeji wa huko, wanaikumbuka.

Jibu la swali lako: cheti kina uzito wa bambo lililotumika. Nikiona cheti nauliza magunia mangapi yalichomwa bambo, na bambo lilifika wapi ndani ya gunia. Nikijibiwa "walileta sampuli kwenye mfuko", kwangu hiyo ni karatasi ya kusafiria tu.

#6 DalaliWaNafaka

Mkuu mimi sipingi, ila tunatumia taa ya urujuanimno, ile ya kutambulia noti bandia. Unapasua punje, unamulika gizani, zikiwaka kijani-manjano unaziondoa. Haina gharama ya kila siku. Kwa nini ninunue kanda?

#7 BamboLaChuma

Taa hiyo ni nzuri kwa kuchambua, usiitupe. Lakini ule mng'ao wa kijani-manjano kwenye mahindi si aflatoksini yenyewe. Unatokana na asidi ya kojiki ambayo kuvu hutengeneza, ikikutana na vimeng'enya vya punje ingali mbichi. Kwa hiyo punje inaweza kuwaka bila sumu, na inaweza kuwa na sumu bila kuwaka, hasa mzigo uliokaa muda mrefu. Taa inakwambia kuvu alipita. Kiasi haikupi, na mnunuzi anataka namba.

Namba inatoka kwenye kifaa cha kusomea ukanda. Ni kamera ndogo ndani ya kisanduku, inapima wekundu wa mstari na kuulinganisha na jedwali la kanda za toleo hilo. Jicho langu na lako havitakubaliana mstari ukiwa umefifia nusu. Kanda zenyewe zikae kwenye mfuko wake wa foili na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, usifungue mfuko hadi dakika ya kutumia. Nimeona watu wanazianika juu ya dashibodi ya lori. Joto likiziharibu kingamwili, mstari wa T unafifia, na mahindi mazima yanasomeka kama yana sumu.

#8 NesiWaZamu

Nimeguswa na huu uzi maana ni kilio chetu cha kila siku, niongezee mawili.

La kwanza, HRP2 inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mama anarudi na mtoto aliyemaliza dawa ya mseto ya malaria siku 10 zilizopita, ana homa, tunapima, mistari miwili. Kipimo hakijadanganya, protini ipo kweli. Ila ukimpa tena mseto ukamwacha na nimonia yake, umemuumiza. Pale tunatafuta hadubini tuone vimelea wenyewe. Na kinyume chake pia kipo: kuna vimelea waliopoteza jeni la HRP2, waliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, baadaye Eritrea ikalazimika kubadilisha aina ya kipimo. Mgonjwa anaumwa kweli na mstari hautoki.

La pili ni kifua kikuu. GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwishoni mwa 2010, ni maikrofluidiki kamili ndani ya katriji: vyumba vidogo, vali inayozunguka, inapasua bakteria, inanakili DNA, chini ya saa mbili unajua kama ana TB na kama dawa ya rifampisini itamfaa. Mashine ya thamani kubwa. Halafu mgonjwa anatema mate badala ya makohozi, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mimi namtoa nje kwenye hewa, namwambia avute pumzi ndefu mara mbili aishikilie, kisha akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Dakika tatu za kumwelekeza mtu. Bila hizo katriji inapima mate.

#9 BamboLaChuma

Dada, umelisema vizuri kuliko mimi. Naomba wote msome #8 mara mbili.

#10 KGL_Mhandisi

Nawasalimu kutoka Kigali. Naona mifano yote ni ya utambi, wacha nilete ya mifereji yenyewe, kwa kuwa mmoja wa majaribio yaliyojulikana sana duniani ulifanyika hapa kwetu. Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walitoa matokeo mwaka 2011: chipu ya plastiki yenye mifereji, inapima virusi vya UKIMWI na kaswende kwa tone la damu. Badala ya kuvuta vimiminika kwa pampu na kuvipanga kwa vali, walivipanga ndani ya mrija mmoja vikitenganishwa na mapovu ya hewa: cha kwanza kinaingia, povu, cha pili, povu, kwa mpangilio ule ule kila mara. Chembe za dhahabu zikishashika pale panapotakiwa, madini ya fedha yanajijenga juu yake hadi giza lake linasomeka kwa kitambuzi rahisi cha mwanga.

Mwaka 2015 wakarudi na kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la hedfoni la simu. Simu inakipa umeme. Mvuto wa damu unatoka kwenye kichumba unachokibonyeza kwa mkono. Wahudumu wa afya wa hapa Rwanda waliwapima watu 96, dakika 15 kila mmoja.

Ninachokipenda ni kwamba waliwaza kwanza mahali pasipo umeme wa uhakika, ndipo wakachora mifereji. Swali langu: kwa nini kioevu kwenye mfereji hakichanganyiki ovyo? Wanafunzi wangu huwa hawaamini.

#11 BamboLaChuma

Mhandisi, waambie wachukue chupa ya asali waimimine polepole. Haina mawimbi, haizunguki, kila tabaka linafuata njia yake. Maji kwenye mfereji mwembamba yanakuwa na tabia hiyo hiyo, kwa sababu kuta ziko karibu kila upande na unato unashinda kasi. Osborne Reynolds alilionyesha hili Manchester mwaka 1883 kwa uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo: maji yakienda pole, uzi unanyooka mwanzo hadi mwisho, ukiongeza kasi unavurugika. Kwenye vijifereji hatufiki kabisa kwenye kuvurugika. Vioevu viwili vinatembea bega kwa bega, na kinachovuka ni molekuli moja moja zinazojipenyeza. Ukitaka vichanganyike inabidi uvilazimishe, kwa kona na matuta ndani ya mfereji.

#12 MamaGhala64

Sasa nimeelewa mengi, lakini nina magunia 64 na bambo la kuazima. Nifanyeje kesho asubuhi?

#13 BamboLaChuma

Kanuni ya mifuko ni hii: magunia hadi 10, choma yote kwa bambo. Zaidi ya 10 hadi 100, choma 10. Ukipita 100, tafuta kipeuo cha pili cha idadi (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata idadi hiyo); lori la 300 ni kama 18. Wewe ni 10. Usichague yaliyo karibu na mlango. Yahesabu yote, andika namba kwenye vikaratasi, mpe mtoto avute 10.

Kila gunia lichome juu, katikati na chini, bambo likitazama chini likiingia, uligeuze ndani, ndipo uvute. Mimina yote kwenye turubai safi. Usitoe punje mbovu, najua mkono utawasha. Ukizitoa utakuwa unapima mahindi ambayo hayamo ghalani. Changanya kwa kuhamisha rundo mara tatu, ligawe nne kama mkate, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia hadi ubaki na kilo 5. Zisage zote, ziwe unga laini kama wa uji. Kinu kifagie kwanza, unga wa mteja aliyetangulia usiingie kwako.

Na kabla ya yote pima unyevu. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tingisha, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yako yamezidi asilimia 15, rudisha juani. Tunataka yasizidi 13.5.

#14 MamaGhala64

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi inbox.

Jana tuliyahesabu, mjukuu akavuta namba. Matatu kati ya yale 10 yalikuwa ya safu ya ukutani, ambayo mimi kwa akili yangu nisingeyagusa, yamebanwa na yako chini. Bambo lilipotoka kwenye mojawapo, punje za chini zilikuwa zimeshikana. Chumvi iliganda. Sampuli ya pamoja imesoma ppb 17.

Akina mama wamenyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama tunaweza kupima safu ya ukutani peke yake na zilizobaki peke yake. Ukuta una magunia 14.

#15 BamboLaChuma

Mnaweza, na ndivyo inavyotakiwa, ila ni sampuli mbili mpya tangu mwanzo, msitumie unga wa jana. Kila fungu lina zaidi ya 10, kwa hiyo chomeni 10 kwenye 14 za ukutani, na 10 kwenye 50 zilizobaki. Yale ya ukutani yatoeni leo hii myaweke juu ya mbao, mbali na mengine, muandike kwa chokaa. Hata jirani akiomba kilo mbili za kuku, msimpe mpaka namba itoke. Nipigie mkimaliza kusaga, nitakuwa njiani kuelekea Kongwa, nitapita na kanda.